Kichwa Nilichokiweka Rehani Temeke

Nilipoingia kazini niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba kijana yeyote anayepewa msaada wa Mfuko ili achunguze maradhi amekubali kichwa chake kikatwe siku atakayokufa, kitumbukizwe katika chupa ya spiriti, kipelekwe Ulaya. Huko, tuliambiwa, kuna jumba refu kushinda minazi miwili iliyounganishwa, limejaa makabati, na makabati yamejaa vichwa vya watu waliosoma, vimepangwa kwa ukubwa, ili madaktari wajue elimu hukaa upande gani. Aliyenisimulia ni muuza kahawa wa Buguruni, na wauza kahawa wa Buguruni wakati ule walipata habari za dunia kabla dunia yenyewe haijazipata. Ushahidi ulikuwepo. Kila kijana aliyechaguliwa alipimwa kichwa. Hilo sikuhitaji kuambiwa na muuza kahawa, maana mpimaji nilikuwa mie.

Ninyi vijana mnaoachiwa meza yangu mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, na mkubwa wenu ameniomba nisitie chumvi. Nitajitahidi. Mishahara siandiki, haikuwa mirefu kiasi cha kujaza ukurasa. Vyeo pia siandiki.

Mfuko wenyewe mnaujua, lakini mlivyoukuta sivyo ulivyoanza. Wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini, wengi wao Mashia, walichanga pamoja na madaktari kadhaa wa serikali, wakakubaliana jambo moja: kijana aliyetoka tu chuoni, awe mpima dawa, muuguzi au bwana afya, aondolewe wodini kwa muda, alishwe na avishwe, akachunguze ugonjwa mmoja pale pale unapoishi. Mfuko haukumlipa kutibu. Ulimlipa kuuliza. Mpaka leo wapo watu wasioelewa kwa nini mtu alipwe kwa kuuliza maswali, na mmoja wao nimemuoa.

Mie nilikuwa tarishi wa duka moja mjini, nikasoma shule ya usiku Kariakoo mpaka nikapata cheti ambacho mama yangu alikitundika juu ya mlango, hata majirani wakawa wanainama wakipita. Kwa cheti hicho nikachukuliwa kuwa karani wa ofisi ya Temeke. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha bati. Saa sita mchana mngeweza kukaangia mihogo juu ya meza, na siku moja nilikaanga.

Siku ya kwanza katibu wa Mfuko, Bwana Rajabali, alikuja kunikabidhi vifaa. Alikuwa mtu mwembamba, mzaliwa wa mjini hapa hapa, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, maneno yake machache. Ukimuuliza jambo analodhani unalijua, alikutazama juu ya miwani mpaka ukajuta kuzaliwa. Alinipa baiskeli nzito kiasi kwamba kuisukuma kutoka Temeke hadi Ukonga ilikuwa sawa na kumbeba mtu aliyekataa kwenda. Akanipa birika la chai, na utepe wa kupimia, kama ule wa fundi cherehani.

"Atakayechaguliwa na kamati, mpime kichwa," akasema. "Hapa, juu ya masikio. Kipimo uniletee mimi."

"Na akikataa, Bwana?"

"Kwa nini akatae?"

Miwani ikaanza kushuka puani. Sikuuliza tena. Nieleweni vijana. Fundi hupima mabega na kiuno, lakini kichwa hupimwa na nani? Sie kofia tunanunua kwa kuvaa: unasimama dukani, unajaribu hii, unajaribu ile, inayotulia unaondoka nayo. Kupimwa mwili na watu wasiokushonea nguo, kwetu, ni mambo ya maiti na kaburi lake. Kwa hiyo nilipima vichwa vya vijana wale kwa heshima zote za msiba. Wengine niliwaombea dua kimya kimya huku nimeshika utepe. Wao walidhani nahesabu.

Baada ya miezi kadhaa lilifika kasha kutoka ng'ambo, na ndani yake mavazi ya wachunguzi wa Mfuko: viatu, mwavuli, na zile chepeo ngumu nyeupe za kukinga jua. Chepeo ziliwakaa vichwani kama wamezaliwa nazo. Nikasema, hawa Wazungu wana bahati, hawajawaona watu wenyewe na bado wamepatia.

Mmoja wa wachunguzi wetu wa mwanzo alipofariki kwa homa, Mungu amrehemu, nilishika jeneza upande wa kichwani, makusudi. Lilikuwa zito kama kawaida. Mwingine angeacha kuamini siku ile. Mie nilisema, wameahirisha.

Sasa niseme kuhusu kuchagua watu, maana hapo ndipo kazi ilipo. Kamati ilikuwa na maswali yake ya mezani, kwa Kiingereza. Bwana Rajabali alikuwa na swali moja tu, na liliulizwa Buguruni. Kila mwombaji alikabidhiwa kwangu na kuambiwa: nenda na Athumani, kaangalie maji ndani ya mtungi wa Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha alikuwa mjane mpika vitumbua. Alikuwa na mtungi uani, na alikuwa na chuki na kila mtu wa afya tangu bwana afya mmoja alipoukuta una viluwiluwi vya mbu akaumwaga mbele ya wageni wake. Mbu wenyewe wa Buguruni siwatetei. Walikuwa wakubwa kiasi kwamba mmoja akikutulia mkononi unasita kati ya kumpiga na kumwamkia. Lakini Bi Mwanaisha alikuwa na haki. Mtungi wa mtu haumwagwi kama maji ya kuoshea miguu.

Vijana walishindwa pale kwa namna zote. Mmoja alipiga hodi akiwa tayari yuko uani. Mmoja alimweleza Bi Mwanaisha maisha ya mbu tangu yai, kwa urefu, mpaka bibi akasinzia amesimama. Mmoja, mwenye vyeti vya kufunika ukuta, alisema, "Mama, ni kwa faida yako," na vitumbua vya moto vikamfuata mpaka barabarani. Anayeingia hadi kwenye mtungi bila askari na bila kutukanwa, huyo ndiye ambaye Bwana Rajabali alimpigania kamatini. Mnaweza kumfundisha mtu kutumia hadubini. Kumfundisha kupiga hodi nimejaribu, na mara nyingi ni kazi bure.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha akaja mwombaji ambaye kamati haikumtarajia. Aliitwa Anastazia Nandonde, mkunga aliyesomea misheni huko kusini, binti wa mchonga vinyago Mmakonde aliyehamia Temeke. Alitaka kuchunguza kwa nini watoto wachanga wa Temeke wanakufa na pepopunda kabla hata hawajatolewa nje. Mnaojua ugonjwa ule hamhitaji kusimuliwa. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya, kisha siku chache baadaye taya zinafunga, hanyonyi tena. Alikuwa amewashika wengi mikononi. "Hospitali naletewa wakishafunga kinywa," aliniambia. "Nataka kufika mapema kuliko ugonjwa."

Nikampeleka Buguruni. Alipiga hodi nje ya ua, akangoja. Akaitikiwa kwa sauti ya kufukuza mbwa. Akangoja tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi, bibi. Nanunua. Nasikia vitumbua vyako vinasemwa hadi Temeke."

Akanunua, akaketi kwenye mkeka, akala, akavuta ungo wa mchele akaanza kuchagua mawe bila kuombwa. Wakazungumza magoti. Bi Mwanaisha alikuwa na magoti mabaya, na kwa mwendo wa mazungumzo yale nadhani alikuwa nayo sita. Mwisho bibi mwenyewe akasema, "Ingia uani unawe mkono, mwanangu. Huyu mwenye baiskeli abaki huko huko, ana macho ya kodi."

Anastazia akanawa kwa maji ya mtungi, akachungulia ndani, akatoka akacheka. "Bibi, una wapangaji." Na Bi Mwanaisha, ninaapa, akaumwaga mtungi kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimpa Bwana Rajabali habari. Alivua miwani tu, na kwake hiyo ilikuwa ngoma nzima. Lakini mwenyekiti wa kamati, daktari Mzungu asiyependa mambo mapya, aliweka sharti: huyu ni mwanamke, baba yake atie dole gumba kwamba amekubali. Akikataa, nafasi apewe mwingine, na habari ya wanawake isiletwe tena mezani. Kamati ingekaa asubuhi inayofuata. Kwa hiyo jioni ile nikaenda Temeke na karatasi, wino, na ule utepe.

Mzee Nandonde alikuwa uani kwake anachonga, chale za kwao usoni, magogo ya mpingo yamemzunguka. Nyuma yake, juu ya ubao, kulikuwa na safu ya vichwa alivyovichonga, na vyote vilinitazama.

"Hodi hapa! Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mwenye utepe?"

Nikajua habari za muuza kahawa zimenitangulia. Anastazia alitoka ndani akasimama mlangoni.

"Mzee, nimeleta karatasi ya binti..."

"Karatasi naijua. Sikiliza, karani. Wakitaka vichwa, hivi hapa nyuma yangu. Chagua hata vitatu. Cha mpingo hakiozi, hata hiyo spiriti hakihitaji. Cha mwanangu, hapana."

"Baba," akasema Anastazia, "mimi mtu mzima. Nusu ya akina mama wa Temeke nimewazalisha mimi."

"Umezalisha. Lakini hukuzaliwa na kichwa cha akiba."

"Ni maneno ya barazani hayo! Mwambie, Bwana Athumani. Mwambie si kweli."

Hapo wote wawili wakanigeukia. Kijana mwenye akili angesema uongo. Mie nilikuwa na cheti cha shule ya usiku, na mwalimu wetu alituapisha tusidanganye wazee.

"Je, wewe unaamini?" mzee akaniuliza.

"Naamini, mzee."

Anastazia akaweka mikono yote miwili kichwani. Mzee Nandonde akaweka tezo chini, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Angalau huyu si mwongo," akasema. Kisha akaokota tena tezo, na nikaona kwamba mambo yamekwisha.

Anastazia hakulia. Alisema polepole tu, "Baba, mtoto wa Mama Zuhura alikufa juzi. Ulinisikia nikirudi. Ulinisikia." Mzee akaendelea kuchonga, lakini tezo lilikuwa halikati tena, linagusa gusa.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikautoa utepe mfukoni nikampa. "Mzee, nipime na mie. Kipimo changu kitakwenda pamoja na chake, siku moja, mkono mmoja. Mie mkubwa kwa umri, nitatangulia. Utaketi kwenye msiba wangu uone. Kama kichwa changu kimechukuliwa, mtoe mwanao huko hata kwa panga. Kama kipo, basi."

Mzee akaupokea utepe. Vijana, nimeshikwa kichwa na vinyozi, mashehe na mke wangu, lakini sijawahi kushikwa vile. Alikishika kama gogo analofikiria kulinunua. Kidole gumba kisogoni, utepe juu ya masikio.

"Kikubwa," akasema.

"Ndiyo, mzee. Kina shule ya usiku ndani."

Akacheka, si sana. Akampima na binti yake yeye mwenyewe, taratibu. Kisha akachovya dole kwenye wino.

Asubuhi nikampelekea Bwana Rajabali vipimo viwili. Akatazama. "Hiki kingine cha nani?"

"Changu, Bwana."

"Unataka na wewe?"

"Nataka, Bwana. Kwa hiari yangu."

Akaandika. "Vema. Nilikuwa nikishangaa kwa nini umekaa miaka yote hii bila kusema."

Mtaelewa nilivyotoka pale. Nilitembea nimekishika kichwa kwa mikono yote miwili. Kumbe walikuwa wanakitamani kichwa changu siku zote!

Kazi aliyofanya Anastazia mnaiona mpaka leo kliniki. Hakwenda kwa wakunga wa mitaani na vitisho. Alikwenda na swali: kitovu mnakatia nini, na mkishakata mnapaka nini? Akakaa nao kwenye uzazi, akatazama. Wengine walikatia wembe uliokwisha kunyoa ndevu za ukoo mzima. Wengine walipaka majivu, wengine samadi, kwa nia njema kabisa. Aliandika yote, nyumba kwa nyumba, mtoto kwa mtoto, hata waliokufa aliwaandika kwa majina kama walikwisha kupewa. Kabla msaada wake haujaisha, wakunga wenyewe walikuwa wanachemsha wembe na uzi ndani ya kikopo, na kikopo hicho walikibishania kama urithi. Mchimba makaburi wa Temeke aliniambia siku moja kwamba zile kazi ndogo ndogo zimepungua, amepata muda wa kulima muhogo. Alisema kwa furaha, na huyo alikuwa analipwa kwa kaburi.

Anastazia alipozungumza mbele ya kamati, mwenyekiti alimuuliza amewezaje kuingia nyumba zile zote. "Nilipiga hodi, Bwana," akajibu. Bwana Rajabali akavua miwani. Tangu mwaka ule habari ya wanawake haikuhitaji kuletwa mezani, ilikuwa imeketi mezani. Leo Anastazia mwenyewe ndiye anayewachagua wachunguzi wenu, na mtungi wa Buguruni anautumia bado, ingawa siku hizi ni wa mjukuu wa Bi Mwanaisha, na mjukuu ni mkali kuliko bibi.

Mie nilianza kuishi na kichwa kisicho changu. Niliacha kubebea mizigo. Nilikipaka mafuta ya nazi kila asubuhi. Kinyozi nilimwambia, "Taratibu, hiki nimeazimwa." Baiskeli niliiendesha kwa uangalifu mpaka kuku walinipita. Na kila nilipokutana na Mzee Nandonde, sokoni au msibani, alinipita karibu akauliza kwa sauti ya chini:

"Kipo?"

"Kipo, mzee."

"Kitunze."

Basi, miaka ikaenda hivyo. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumtazama. Alikuwa hasemi tena na watu. Aliinua mkono kidogo akanielekeza kichwani. Nikamwambia kipo. Akafumba macho ametabasamu, nami nikatoka nje nikalia kwenye magogo yake, kwa sababu sasa ahadi yetu ilikuwa haina shahidi. Kwa Anastazia sikulitaja hata siku moja. Niliona ni adabu, binti wa watu asikumbushwe.

Mwezi uliopita mkaniaga hapa ofisini. Mlikuwepo, mliona wali na mbuzi. Bwana Rajabali, aliyekwisha kustaafu zamani, aliletwa na wajukuu zake, akaketishwa mbele karibu na Anastazia. Nikaambiwa niseme neno, na kama nina ombi lolote kwa Mfuko nilitoe. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasimama nikasema nashukuru, nimeufaidi Mfuko nao umenifaidi. Nina ombi moja tu. Kwa kuwa natoka kazini, naomba kile kichwa nilichokiweka rehani kwa ajili ya binti Nandonde kifutwe vitabuni, nizikwe nacho.

Ninyi mlidhani ni mzaha, mkapiga makofi. Anastazia alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. "Bwana Rajabali, mwambie wewe," akasema akiwa mle mle ndani ya mtandio. "Mimi baba alinikataza tangu siku nilipoleta yangu nyumbani. Alisema hajapata kuona mtu anayekitunza kichwa namna ile, tusimharibie."

Bwana Rajabali akanitazama juu ya miwani, kama siku ya kwanza. Akamtuma mjukuu wake kwenye lile kabati la nyuma ambalo funguo zake hamjawahi kupewa. Mjukuu akarudi na kitu cheupe kimefungwa kwa gazeti lililogeuka njano.

"Athumani," akasema mzee yule, "vilikuwa vipimo vya kofia. Chepeo ziliagizwa ng'ambo kwa kipimo cha kila mtu. Yako ilikuja katika kasha moja na ya Anastazia. Uliiomba mwenyewe, halafu hukuja kuichukua. Ijaribu."